Jua la Muanda na foto yangu ya mwezi

Nyanya yangu ameishi Kalemie maisha yake yote, na kwake yeye jua ni kitu kinachotoka majini. Kila asubuhi huliona likichomoza ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, upande wa Tanzania, na kila jioni huliona likipotelea nyuma ya vilima, nchi kavu. Mwaka jana, mwishoni mwa mwezi wa nne, nilipomwambia kwamba nakwenda Muanda kwa majuma mawili kukusanya maneno ya uvuvi katika Kiwoyo, hakuniuliza habari za Kiwoyo. Aliniagiza kitu kimoja: nimtumie foto ya jua likiingia majini. Alikuwa amesikia kwamba kule kwenye bahari kubwa jua huingia majini, na hakuwa ameamini sana.

Jioni ya kwanza nilishuka pwani, nikapiga foto 40 hivi, nikachagua moja, nikaituma kwa simu ya shangazi. Kesho yake sauti ya nyanya ilinifikia: "Mujukuu, hii njo mwezi?"

Hakukosea. Katika foto ile palikuwa na duara jeupe, dogo, katikati ya anga la rangi ya majivu, juu ya maji ya rangi ya majivu. Mimi niliyesimama pale nilikuwa nimeona jua jekundu kama kaa la moto na bahari inayong'aa kama shaba ya Kolwezi. Simu yangu haikuwa mbovu. Ilikuwa imefanya kazi yake vizuri mno, na tatizo lilikuwa hapo.

Nilibakiwa na jioni 12, na nyingine zilinyesha mvua. Yafuatayo ni yale niliyojifunza ndani yake kwa kuuliza, kusoma na kukosea. Nayaleta katika jarida la lugha bila aibu, kwa sababu kosa ambalo simu hufanya mbele ya machweo tunalijua vizuri sisi tunaorekodi watu wakisema, kisha tukakaa usiku kuandika walichosema.

Simu inayosahihisha

Mwanafunzi humrekodi mzee wa Likasi akisema "njo vile", halafu katika daftari anaandika "ndivyo hivyo". Hakukusudia kudanganya. Mkono wake umezoea Kiswahili cha shule, na kila kinachopita mbele yake hukisawazisha kabla hajafikiri. Kamera ya simu nayo ina shule yake. Imefundishwa mambo mawili. La kwanza, kwamba mandhari yoyote, ukichanganya giza lake na mwanga wake, hutoa kijivu cha katikati. La pili, kwamba kitu cheupe lazima kionekane cheupe, kiwe chini ya taa ya njano, kivulini au juani. Mambo hayo hufaa karibu siku nzima: sokoni, darasani, kwenye ndoa. Mbele ya machweo hayafai, yote mawili.

Tuanze na la kwanza. Jua likikaribia bahari, sehemu kubwa ya foto huwa nyeusi: mchanga, maji ya karibu, mitumbwi, watu waliolipa jua mgongo. Kamera hupima yote hayo, huona giza limezidi, na huongeza mwanga ili kupata kile kijivu chake. Mchanga unaonekana vizuri, na jua linaungua. Sehemu ya foto iliyoungua haina rangi tena. Ni weupe mtupu, na hakuna programu itakayorudisha kile ambacho hakikurekodiwa. Giza lina afadhali: sehemu iliyotoka nyeusi unaweza kuiinua kidogo baadaye na kukuta kitu ndani yake. Kwa hiyo mbele ya machweo linda mwanga kwanza, giza litajitunza.

Kwa simu nyingi ni kazi ya kidole kimoja. Gusa skrini juu ya anga karibu na jua, si juu ya jua lenyewe. Kitatokea kiduara au kisanduku chenye alama ndogo ya jua pembeni. Vuta alama hiyo chini polepole mpaka uone rangi zikijaa na mchanga ukielekea kuwa mweusi. Ukibonyeza na kushikilia badala ya kugusa tu, simu nyingi hufunga kipimo hicho pale kilipo, kisibadilike kila mtu anapopita mbele. Mara ya kwanza nilipofanya hivyo niliona kwenye skrini kitu kinachofanana na kile nilichokuwa nakiona kwa macho, na nilikasirika kidogo nikikumbuka zile foto 40.

Jambo la pili ni gumu zaidi kulitambua, kwa sababu foto haitoki mbaya. Inatoka baridi. Kamera huona wekundu umetapakaa kila mahali na hudhani kwamba ni kasoro ya taa, kama ile ya balbu ya njano nyumbani. Basi huongeza buluu ili kuuondoa. Kinachoitwa mizani ya weupe, ambacho kwenye kamera huandikwa kwa herufi WB, ndicho kinachoamua hapo. Kikiachwa kijiamulie, kitasahihisha machweo. Ingia katika sehemu ya simu iliyoandikwa Pro, kama ipo, na uchague alama ya jua, yaani mwanga wa mchana, ambao ni kiasi cha kelvini 5500. Ukichagua alama ya wingu, kelvini 6000 na kitu, picha itaelekea wekundu zaidi. Mimi hupendelea ile ya jua. Ile ya wingu hupendeza mara moja, kisha unaanza kuishuku.

Kama simu haina sehemu hiyo, zipo programu za bure za kamera zinazoiongeza. Na kama simu au kamera yako inaweza kuhifadhi faili ghafi, ile ambayo haijachakatwa, mizani ya weupe unaweza kuibadilisha hata ukiwa umerudi nyumbani. Faili ghafi ni kama sauti iliyorekodiwa: unairudia na kusikia tena. Foto ya kawaida ni kama daftari la mtu aliyekwisha kusahihisha.

Kuna na ile HDR, ambayo simu za siku hizi huiwasha zenyewe. Simu hupiga foto kadhaa kwa mkupuo, nyingine za giza na nyingine za mwanga, kisha huziunganisha. Kwa uso wa mtu aliyesimama mbele ya dirisha inasaidia sana. Kwa machweo, mara nyingi huinua vivuli ambavyo ndivyo vilivyokuwa uzuri wa foto. Jaribu pamoja nayo na bila yake, uone mwenyewe.

Dakika ngapi hasa

Miongozo mingi ya foto inayotufikia imeandikwa Ulaya au Marekani, na yote inasifu "saa ya dhahabu", ule muda kabla ya jua kuzama ambapo mwanga ni laini na wa manjano. Nilijifunza neno hilo, nikaliamini, na jioni ya pili nikafika pwani nimechelewa nikidhani bado nina muda. Neno lilikuwa limesafiri bila nchi yake.

Jua hutembea angani nyuzi 15 kwa saa, yaani uzi mmoja kila dakika 4. Mbali kaskazini, hasa majira ya joto, njia yake ya kushuka huinama sana, kama mtu anayeteremka mlima kwa kuzungukazunguka, na kwa hiyo hukaa chini karibu na upeo kwa muda mrefu. Muanda iko karibu nyuzi 6 kusini ya ikweta. Hapo jua huanguka karibu wima. Kutoka urefu wa nyuzi 6 juu ya maji, ambapo rangi zinaanza kuwa na maana, mpaka linapogusa maji, ni dakika 25 hivi. Tangu ukingo wake wa chini uguse bahari mpaka ukingo wa juu upotee, ni dakika 2 na sekunde chache. Baada ya hapo mwangaza wa kutosha kusoma nje hudumu dakika 20 na kidogo. London, mwezi wa sita, mwangaza huohuo hudumu zaidi ya dakika 40.

Ile mbinu ya vidole nayo inahitaji kutafsiriwa upya. Husemwa kwamba ukinyoosha mkono na kuweka vidole vinne vilivyolala kati ya jua na upeo, kila kidole ni dakika 15, na vinne ni saa nzima. Kwetu kidole kimoja ni kama dakika 8. Nilipima pwani ya Muanda: vidole vinne viliisha kwa nusu saa na dakika chache. Ukiona vidole vitatu, acha kuzungumza na uanze kazi.

Faida yetu ni kwamba jua letu halina vigeugeu. Muanda huzama kati ya saa kumi na mbili na saa kumi na mbili na nusu hivi ya jioni, mwaka mzima. Ndiyo maana saa ya Kiswahili inawezekana. Kuhesabu saa kutoka mawio na kutoka machweo, ukafika kumi na mbili kila upande, ni jambo ambalo lingewachanganya watu wa Oslo. (Katika Kikongo, ntangu ni jua na ni wakati pia. Lingala katika ntango imebaki na wakati tu.)

Wengi huondoka mara tu jua linapopotea. Ni kosa kubwa kuliko yote niliyotaja. Kama kuna mawingu ya juu, rangi kali huja dakika 10 mpaka 15 baada ya jua kuzama, kwa sababu jua lililo chini ya upeo linayamulika mawingu kwa tumbo. Jioni yangu ya tano watu wote walikwisha kupanda kwenda kula, na anga likawaka nyuma yao rangi ya ua la bugenvilea. Kwa kuwa mwanga umepungua, simu hufungua jicho lake kwa muda mrefu zaidi na mkono ukitikisika foto hufifia. Iegemeze kwenye kitu, ubavu wa mtumbwi au kiatu juu ya mchanga, na tumia ule muda wa kusubiri wa sekunde 2 ili kidole chako kisiitikise.

Geuka pia uangalie nyuma. Upande wa mashariki, kama anga ni safi, utaona utepe wa buluu iliyoiva ukipanda kutoka nchi kavu na juu yake mstari wa waridi. Utepe huo ni kivuli cha dunia yenyewe kikiangukia hewani. Nyuso za watu wanaoangalia bahari huwa na mwanga mzuri kabisa wakati huo, na karibu hakuna anayezipiga foto.

Kwa nini jua ni dogo hivyo

Lawama ya pili ya nyanya, nilipompigia kumweleza kwamba lile lilikuwa jua kweli, ilikuwa kwamba jua gani dogo hivyo. Hapa simu haina hatia. Jua huchukua nusu ya uzi mmoja tu wa anga, na lenzi ya kawaida ya simu hukusanya nyuzi karibu 70 kwa upana. Ukipiga hesabu, upana wa jua ni kama sehemu moja kati ya 150 ya upana wa foto. Ni macho yetu yanayolikuza. Jua na mwezi vikiwa karibu na upeo huonekana vikubwa, lakini ukivipima havijaongezeka hata kidogo. Kwa kweli jua likikaribia maji hubanwa kidogo kutoka juu kwenda chini, kwa sababu hewa hupindisha mwanga wake. Kupinda huko ni kukubwa kiasi kwamba unapoona ukingo wa chini ukigusa bahari, jua lenyewe limekwisha kuteremka chini ya upeo. Unachokiona ni mwanga wake uliopindwa ukakufikia. Hili sikumwambia nyanya. Alikuwa na mashaka ya kutosha.

Dawa si kuvuta foto kwa vidole viwili kwenye skrini. Simu nyingi zikivuta mbali hukata tu kipande na kukipanua, na kipande hicho huja na chengachenga. Mwenye kamera yenye lenzi ndefu, tuseme milimita 200, atapata jua lenye upana wa sehemu moja kati ya 20 ya foto, na hiyo inatosha sana. Ila asiliangalie jua kali kupitia tundu la kioo la kamera hiyo. Lenzi hiyo hukusanya mwanga na kuupeleka kwenye jicho, na jicho haliponi kwa kulala. Atumie skrini.

Sisi wa simu tuna njia nyingine: tuache kulifanya jua kuwa mhusika mkuu. Tutafute linalofanywa na mwanga wake. Mchanga uliotoka kuoshwa na wimbi hukaa sekunde kadhaa kama kioo. Ukichuchumaa, simu ikiwa kiasi cha shubiri moja juu ya mchanga, anga lote huja mara mbili. Au tafuta umbo la kusimama kati yako na mwanga: mnazi, nguzo, mtumbwi, mtu. Kwa kuwa tumekwisha kushusha mwanga, umbo hilo litatoka jeusi kabisa, na jeusi linahitaji ukingo unaosomeka. Wavuvi watatu waliosimama wakigusana huwa donge. Wakiachana hatua moja, kila mmoja ana mikono yake na kasia lake. Sogea wewe, usiwaamrishe wao. Na uwaombe ruhusa. Mtu aliyetoka baharini tangu alfajiri si mapambo ya foto yako. Wengi niliowaomba walikubali, wawili walikataa, na mmoja aliniuliza nitampa nini, swali ambalo mtafiti wa lugha pia huulizwa na ambalo halina jibu rahisi.

Kuhusu mstari wa bahari nitasema kwa ufupi: unyooke. Bahari iliyoinama upande humfanya mtazamaji ahisi maji yanamwagika. Washa mistari ya kusaidia kwenye skrini. Usiuweke mstari huo katikati kabisa. Anga likiwa tajiri lipe theluthi mbili, maji yakiwa tajiri yape hayo.

Chumvi, mawingu na moto

Jambo ambalo lingeniokoa jioni mbili nzima ni dogo hata linachekesha. Lenzi yangu ilikuwa chafu. Pwani ina ukungu wa chumvi usioonekana, na vidole vina mafuta. Mchana hutambui. Ukielekeza lenzi kama hiyo kwenye jua, mwanga hutawanyika kwa michirizi na foto nzima hupauka. Puliza mchanga kwanza, kwa sababu mchanga hukwaruza, kisha futa kwa kitambaa laini cha pamba chenye unyevu kidogo wa maji yasiyo na chumvi. Fanya hivyo kila baada ya robo saa, si mara moja kwa siku.

La mawingu ni la kupanga safari. Wekundu wa jioni hutokana na umbali: jua likiwa chini, mwanga wake hupita katika hewa nyingi mno, mara 30 na zaidi kuliko adhuhuri, na njiani buluu hutawanyika na kubaki nyuma. Hewa safi hutoa rangi safi. Hewa iliyojaa matone na vumbi hutoa maziwa. Pwani yetu inaguswa na athari za mkondo baridi wa Benguela unaopanda kutoka kusini, na majira ya kiangazi, tangu katikati ya mwezi wa tano mpaka wa tisa, mawingu ya chini hufunika anga siku baada ya siku bila kunyesha. Wengi wetu tunapata nafasi ya kusafiri kwenye likizo kubwa, yaani wakati huo hasa. Anayetaka machweo aende majira ya mvua. Dhoruba ikipita alasiri na anga likafunguka upande wa magharibi, kimbia pwani hata kama nguo zako hazijakauka.

Na moto: karibu na Muanda huchimbwa mafuta, nchi kavu na baharini, na gesi inayochomwa hutoa miali inayoonekana usiku unapoingia. Katika foto zangu kadhaa kuna cheche ya machungwa pembeni ambayo si jua. Simu mpya hukuruhusu kuifuta kwa kidole, ikajaza pengo kwa anga la kubuni. Rafiki yangu mmoja alinishauri niifute, kwamba inachafua. Nimeiacha. Kama ningekuwa nasahihisha rekodi ya mzee wa Likasi ningeacha pia maneno yake ya Kifaransa, kwani ndivyo alivyosema.

Hilo linanileta kwenye kurekebisha foto baada ya kupiga. Punguza mwanga kidogo ikihitajika, nyoosha upeo, inua vivuli kwa hatua ndogo. Kitufe cha kukoleza rangi kiogope. Kila programu inacho, na kila mmoja wetu amekivuta mpaka mwisho angalau mara moja. Katika Kiswahili sifa za rangi zinazopatana na ngeli ni tatu tu, -eupe, -eusi na -ekundu, na nyingine tunaziazima kutoka kwenye vitu: machungwa, manjano, zambarau, majivu, maji ya kunde. Nimeona hilo linasaidia. Kabla ya kukoleza najiuliza ni kitu gani hasa nilichokiona: chungwa lililoiva au chungwa bichi, shaba mpya au ya zamani. Nikishindwa kukitaja kitu, naacha kitufe.

Wasomaji walio Kalemie, Moba, Baraka au Uvira wanaweza kufanya haya yote bila kwenda popote, kwa kugeuza saa. Kwao majini ni mawio. Rangi zinakuja kwanza, jua baadaye, kwa hiyo ni lazima uwe umefika na kuchagua mahali gizani, dakika 25 kabla. Dar es Salaam nayo huangalia mashariki, na anayekwenda huko akitegemea machweo ya baharini atarudi na foto za majengo. Mji wa Zanzibar huangalia magharibi. Anayetaka kuona jua la Tanganyika likishuka upande wa maji akae Bujumbura au Kigoma, na hata hapo halitaingia majini: litaingia nyuma ya milima yetu.

Jioni ya 11 mvua ilikatika saa kumi. Nilifuta lenzi, nikafunga kipimo, nikachagua alama ya jua kwenye WB, nikachuchumaa. Mvuvi mmoja alikuwa akipita na mtumbwi wake kati yangu na mwanga, amesimama, kasia mkononi. Nilipata foto 9, na katika moja jua limezama nusu na mtumbwi haujaligusa. Niliituma usiku uleule.

Shangazi alisema nyanya aliishika simu muda mrefu, akaisogeza karibu na macho, akaisogeza mbali. Habari za jua hakusema. Alitaka kujua kama mtu yule alikuwa anarudi ao anaenda.

"Anarudi," nikamwambia.

"Na samaki?"

Hapo ikabidi nishuke tena pwani kesho yake asubuhi, nikaulize.